Kwotesheni ya dola, diskaunti inaisha mwisho wa mwezi, na binamu anaipata bure: nisaini?

"Injinia, habari za kazi. Niko na karakana ndogo hapa Bweyogerere, Uganda, tunachora na kutengeneza matangi, ngazi za chuma na mashine ndogo za kusaga mahindi. Tuko wanne, wawili ndo wanachora. Miaka yote tumetumia programu ya kuchora ya kreki, yaani iliyovunjwa kufuli bila kulipiwa, tuliwekewa na kijana wa duka la kompyuta mjini. Sasa tumepata kazi ya kampuni kubwa na wanataka tuwe na laisensi halali. Nimeingia kwenye tovuti kutafuta bei, programu moja inaonyesha, ingine inasema tu omba kwotesheni. Nikajaza fomu ya majaribio, kesho yake nikapigiwa simu kutoka Nairobi. Wamenitumia kwotesheni ya laisensi mbili kwa miaka mitatu, kwa dola, na wanasema diskaunti inaisha mwisho wa mwezi. Binamu yangu yuko chuo cha Kyambogo anaipata programu ile ile bure kabisa. Kwa nini yeye bure mimi mamilioni? Na kwa nini siwezi kununua mara moja nikamaliza kama zamani? Nisaini, ama nitumie ya binamu kwanza?"

Ndugu yangu, usisaini bado, na hiyo ya binamu iache kabisa. Huyo wa Nairobi simuiti mwizi, anafanya kazi yake na pengine programu anayokuuzia ni nzuri sana, shida ni kwamba wewe unaulizwa bei kabla hujajua unanunua nini. Naona una hofu mbili zimebanana, ya kupigwa na ya kupoteza kazi ya hao wakubwa, na mtu mwenye hofu mbili husaini haraka. Twende polepole.

Kwanza hilo la bei kufichwa. Wengi wanadhani kampuni inaficha bei kwa sababu inataka kuangalia sura yako ndo ikutajie, na kidogo ni kweli, lakini kuna sababu za kikazi pia. Programu za uinjinia nyingi haziuzwi na mtengenezaji mwenyewe, zinauzwa na mawakala ambao kila mmoja amepewa eneo lake, anafundisha, anafunga, anajibu simu ikikwama. SOLIDWORKS kwa mfano, programu ya kuchora 3D, imekua kwa njia hiyo tangu ilipotoka mwaka 1995. Wakala akiachiwa nafasi ya kupanga bei, mtengenezaji haweki namba kwenye tovuti. Halafu hizi programu zinakatwa vipande vipande: ya kuchora peke yake, ya kupima nguvu ya chuma, ya mabomba, ya kukunjua bati, kila moja na bei yake, kwa hiyo "bei" ya jumla haipo mpaka useme unataka nini. Autodesk, watengenezaji wa AutoCAD, wao bei zake wanaweka wazi: toleo kamili kwa Marekani ni karibu dola 2,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka, hiyo kwetu ni zaidi ya shilingi milioni 7 za Uganda, na AutoCAD LT ambayo inachora bapa tu, bila umbo la 3D, ni karibu dola 500. Zishike hizo namba kichwani hata kama hununui kwao, zitakusaidia kujua mtu anapokutajia bei ya kushangaza.

Sasa binamu. Kutengeneza programu kama hii kunakula miaka na wahandisi wengi, lakini kutoa nakala moja zaidi hakugharimu karibu kitu. Kwa hiyo bei haitokani na gharama ya nakala, inatokana na nani anaitaka na anaitaka kwa kazi gani. Ni kama basi la Gulu, kiti ni kile kile na barabara ni ile ile ila tarehe 23 Desemba unalipa nauli ingine. Mwanafunzi anapewa bure kwa sababu hana hela ya kulipa leo, na kwa sababu akishazoea mikono yake, kesho akiajiriwa atamwambia bosi "mimi natumia hii". Hiyo zawadi ni ya kesho kutwa, na anayeilipia ni bosi, yaani wewe!

Ila ili mpango huo usivuje lazima waweke uzio, na uzio uko kwenye masharti. Laisensi ya elimu ya Autodesk ni ya mwaka mmoja mmoja, inahuishwa mtu akithibitisha bado anasoma au anafundisha, na hairuhusiwi kwa kazi ya kulipwa. Faili iliyochorwa kwenye SOLIDWORKS ya wanafunzi inabeba alama ndani yake, mteja wako akiifungua kwenye ya biashara anaiona pale pale. Hebu fikiria hao wakubwa wamekwambia laisensi halali, wewe unawatumia drowingi yenye alama ya shule. Heri hata wangekukuta na kreki bila wewe kuwadanganya. Na binamu naye akaunti yake inaweza kufungwa katikati ya projekti yake ya mwaka wa mwisho, umemharibia mtoto wa watu.

Hizi zingine za bure zina uzio pia, usifurahi haraka. Fusion, programu ya 3D ya Autodesk, ile ya matumizi binafsi ni ya mtu asiyefanya biashara nayo, mapato yasizidi dola 1,000 kwa mwaka, na faili unazoweza kuhariri kwa wakati mmoja ni 10 tu. Onshape ya bure inafanya kazi kwenye brauza, tamu kweli, lakini kila unachochora kiko wazi kwa dunia nzima na hairuhusiwi kwa biashara. Mashine yako ya kusaga ukiichora humo, mshindani wa Katwe anaweza kuiona akiwa na simu tu. Na ya bure inaweza kugeuka ya kulipia, DraftSight, programu ya kuchora bapa, ilikuwa bure miaka mingi, watu wakajenga ofisi juu yake, halafu mwaka 2019 wakaanza kulipisha na zile nakala za bure za Windows zikazimwa baada ya 31 Desemba mwaka huo huo.

Umeuliza kununua mara moja na kumaliza. Zamani ilikuwa hivyo, ndiyo, na kwa baadhi ya programu bado ipo. Autodesk waliacha kuuza laisensi mpya za kudumu za programu moja moja mwisho wa Januari 2016, na zile za mafurushi ya programu kadhaa mwisho wa Julai mwaka huo. Sababu haijifichi: ukiuza mara moja, mteja anaweza kukaa na toleo la zamani miaka kumi na hakupi hata senti, lakini ukikodisha hela inaingia kila mwaka na wenye hisa wanalala usingizi. Kwa mteja kuna uzuri kidogo, unaingia bila mtaji mkubwa na toleo jipya linakuja lenyewe, na kuna ubaya mkubwa, siku ukiacha kulipa programu haifunguki na wewe umebaki na mafaili usiyoweza kuhariri. Wengine kama BricsCAD wa Ubelgiji na ZWCAD wa China bado wanauza ya kudumu, zote zinafanya kazi na faili za DWG, yaani aina ya faili ya AutoCAD, na mtu aliyezoea AutoCAD hahitaji kufundishwa upya. Ila sikiliza, "ya kudumu" maana yake ni toleo lile ulilonunua. Kuna ada ya matunzo ya kila mwaka, mara nyingi karibu asilimia 20 ya bei, ndo inakupa matoleo mapya na msaada, ukiiruka miaka miwili mitatu ukitaka kurudi wengine wanakudai ya nyuma yote. Uliza hilo kabla.

Hapo tunafika kwenye kitu ambacho ningependa ukielewe kuliko vyote, maana ndo kinakula hela za karakana ndogo kama yako. Hununui programu, unanunua haki ya mtu fulani kuitumia kwa muda fulani. Autodesk tangu Agosti 2020 walianza kuondoa zile laisensi za mtandao ambazo watu kumi walikuwa wanapokezana, sasa ni jina kwa jina: laisensi ya Okello ni ya Okello, pasiwedi yake ukimpa Namukasa umevunja mkataba hata kama hawachori saa moja. Kwa hiyo kabla ya kuongea bei na mtu yeyote, kaa chini uhesabu nani anachora kweli na siku ngapi kwa mwezi. Unasema wawili. Wote wawili wanachora 3D? Mara nyingi nikikaa na karakana kama yenu nakuta mmoja ndo anajenga umbo, mwingine anaweka vipimo, anaprinti, anabadilisha drowingi za wateja, na huyo wa pili anatosheka kabisa na programu ya kuchora bapa ya robo bei. Kama ndivyo, kwotesheni ya laisensi mbili kubwa imeshakosea kabla hata ya diskaunti.

Na kama kuna mtu anayechora siku chache tu kwa mwezi, Autodesk wana mpango unaoitwa Flex, ulitoka 2021, unanunua tokeni na kila siku unayofungua programu zinakatwa kadhaa. Ni nzuri kwa bosi anayefungua mara moja moja kukagua. Kwa mchoraji wa kila siku ni hasara tupu, na tokeni zenyewe zinaisha muda baada ya mwaka. Kulipa mwezi kwa mwezi nako kupo kwa programu nyingi, kunafaa ukiwa na kazi moja ya miezi mitatu halafu ukimya, ila ukifika mwezi wa tisa hivi ujue umeshapita bei ya mwaka mzima.

Miaka mitatu je? Faida yake ni kwamba bei inashikwa, na bei hizi hupanda. Lakini unalipa dola nyingi leo kwa programu ambayo hujaijaribu kwenye kazi yako, na mteja wako mkubwa amekupa kazi moja, hajakupa miaka mitatu ya kazi. Mimi ningechukua mwaka mmoja. Kuhusu diskaunti ya mwisho wa mwezi, muuzaji ana lengo la kufikisha, la mwezi au la robo mwaka, na presha anayokupa wewe ni ile aliyopewa na bosi wake. Mwaka wa hesabu wa Autodesk unaisha 31 Januari, wa PTC wenye Creo na Onshape unaisha 30 Septemba, wa Dassault wenye SOLIDWORKS unaisha Desemba. Karibu na tarehe hizo ndo mikono inalegea. Ukimwambia kwa heshima "bado najaribu, nitumie profoma nyingine mwezi ujao" sijaona muuzaji anayekasirika, mara nyingi diskaunti inarudi yenyewe, saa nyingine imenona kidogo. Kama haitarudi, mwambie aandike kwenye imeili kwamba haitarudi, utaona kama anaandika.

Sasa majaribio, maana umeshajaza fomu na saa inakimbia. Mara nyingi ni siku 30 au pungufu, zinahesabiwa mfululizo hata ukiwa Jinja kufunga tangi, na kwenye kompyuta ile ile hupewi tena. Simu ya kesho yake usiishangae, fomu ile ndo mlango wa mauzo, jina la kampuni na idadi ya wafanyakazi uliyoandika ndo vimemwambia muuzaji aanzie wapi. Masharti ya majaribio kwa kawaida ni kujaribu tu, usiuze drowingi uliyochora humo. Wengi wanazichezea hizo siku kwa kuangalia video na kuchora kikombe. Wewe chukua kazi yako ngumu kuliko zote uliyomaliza mwaka jana, ile mashine yenye vipande vingi, uijenge yote upya humo. Kunja bati la koni ya tangi na ulikunjue, linganisha na lile mlilokata kwa mkono. Printi kwa A3 uone kama maandishi yanasomeka. Fungua DWG ya mteja, ihifadhi, mrudishie uone kama kwake inafunguka sawa. Fanya hivyo kwenye kompyuta yako, siyo laptop ya muuzaji ya bei ya gari, maana kama yako inakwama basi bei ya programu ina kompyuta mpya ndani yake na hakuna aliyekwambia. Jaribu pia ikiwa intaneti imekatika: AutoCAD inafanya kazi bila mtandao ila lazima iunganishwe angalau mara moja ndani ya siku 30 kuthibitisha laisensi, wakati zile za brauza zikikosa data zinakufa hapo hapo.

Na ninakuomba siku hizo hizo ujaribu sambamba na FreeCAD, programu ya 3D. Ni bure kweli, hata kwa biashara, haina uzio wa aina niliyoeleza, na tangu toleo la 1.0 lilipotoka Novemba 2024 imetulia sana kuliko zamani. Ina kiongezo cha kukunja na kukunjua bati, ambacho kwa matangi yenu ndo kazi yenyewe. Sikudanganyi, ina ukorofi wake, menyu zinachanganya, DWG inahitaji programu ya pembeni ya kubadilisha, na ukikwama hakuna wa kumpigia simu, unatafuta mwenyewe. Kijana wako akihitaji miezi miwili kuizoea hiyo nayo ni gharama. Lakini kwa karakana ya watu wanne, FreeCAD ya 3D pamoja na programu moja ya DWG ya kulipia inaweza kukufikisha mbali, na ni halali asilimia mia.

Hapo inabidi umrudie mteja wako mkubwa uulize swali ambalo naona hukuuliza: wanataka nini hasa? Mara nyingi mkataba unasema faili ya DWG au STEP, ile aina ya faili ya 3D ambayo programu nyingi zinaifungua, na ushahidi wa laisensi, hautaji jina la programu. Ukishajua hilo unaweza kukuta ile programu ya mamilioni haihitajiki kabisa. Kama wametaja jina, sawa, hakuna ujanja, gharama hiyo iingize kwenye bei ya kazi.

Kreki itoe, na usingoje mpaka ununue. Watu wanadhani kreki ikishakubali kufunguka imekwisha, hakuna anayejua. Programu nyingi kubwa zina kipande ndani kinachotambua kwamba laisensi imechezewa, kompyuta ikipata mtandao kinatuma taarifa za mashine na za mtandao wa ofisi kwa mwenye programu. Ndo maana kampuni zinapokea barua wakati hakuna mtu aliyekuja kukagua. Na tangu umejaza ile fomu kwa jina la karakana, kama kompyuta ile ile ina kreki, umejitambulisha mwenyewe. Hapa Uganda programu za kompyuta zinalindwa na sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006, kwa hiyo huo ni mzozo wa kisheria kamili. Achilia mbali virusi vinavyokuja na hizo kreki. Kabla ya kuitoa, hifadhi kazi zako zote kwa DWG, STEP na PDF kwenye diski ya pembeni, drowingi ni zako hata kama programu haikuwa yako. Na tabia hiyo endelea nayo hata ukishalipa, kila kazi ikiisha toa nakala ya STEP, siku ukitaka kuhama muuzaji hakushiki shingo.

Kuna upande wa hela ambao kwotesheni haikuonyeshi. Muuzaji wa Nairobi kwa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, ni mtu wa nje. Ukimlipa moja kwa moja unaweza kutakiwa wewe mwenyewe kuhesabu VAT ya asilimia 18 ya huduma iliyoagizwa, na malipo ya laisensi kwenda nje yanaweza kuangukia kodi ya zuio ya asilimia 15, na mikataba mingi ina kipengele kinachosema muuzaji apokee hela yake kamili, yaani zuio linakuwa juu yako. Ongeza makato ya benki na dola inayopanda kati ya profoma na malipo. Muulize kama ana wakala aliyesajiliwa hapa anayetoa invoisi ya EFRIS, ule mfumo wa URA wa invoisi za kielektroniki, hata kama bei yake iko juu kidogo inaweza kutoka nafuu. Hili usiniachie mimi wala muuzaji, nenda na kwotesheni kwa mhasibu wako mkae nayo mezani, kabla ya kusaini.

Ukilipa kwa kadi, ingia kwenye akaunti siku hiyo hiyo uzime kujihuisha kwenyewe, vinginevyo mwakani wanakata bila kukuuliza. Muuzaji mwambie aje karakana, au atume mtu, akuonyeshe kwenye tangi lako. Akikataa kuja kabla hujalipa, baada ya kulipa usimtegemee. Na kama barua ya kudai kreki imeshafika, au ikifika kesho, usijibu kwa WhatsApp, usipige simu ya kujitetea, usifute kitu chochote kwenye zile kompyuta kuanzia hapo, hata ile kreki niliyokwambia utoe. Chukua barua hiyo peleka kwa wakili anayejua hakimiliki, yeye ndo aandike jibu, maana mara nyingi hizo kesi zinaishia kwa kununua laisensi na kiasi ambacho watu wamekaa wakakubaliana.